Wafuasi wa Akiru

Juzi kijana wa jirani yangu alirudi kutoka Lodwar, akanibishia hodi akiwa na kifuko cha makoma mkononi. Koma ni tunda la ule mnazi wa jangwani wenye shina la kugawanyika, na ukilikwaruza kwa kucha hutoa harufu ya sukari guru iliyoungua kidogo, pamoja na harufu ya mbao kavu na vumbi la moto. Nilinusa moja tu. Papo hapo nikajiona nimekaa kwenye baraza ya saruji, miguu mitupu, upepo unanitia mchanga machoni, na mbele yangu kwenye mkeka wamepangwa watu wangu: safu ya makoma yaliyochorwa nyuso kwa mkaa. Walikuwa na majina. Mmoja aliitwa Kidevu. Mwingine tulimwita Mlafi, ingawa mlafi hasa alikuwa kaka yangu Righa, aliyemguguna upande mmoja kabla hatujamwajiri.

Nisameheni, nimeanzia katikati kama kawaida yangu. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Sisi ni Wataita, na Baba alikuwa amepelekwa Lodwar na idara ya maji kusimamia uchimbaji wa visima. Wenyeji walisema tumetoka Kenya, kana kwamba Lodwar ilikuwa nchi nyingine, na kwa jinsi barabara ilivyokuwa mimi sikuwalaumu. Nyumba yetu ilikuwa ya mabati, na mchana ilikuwa ikilia ko-ko-ko kwa joto. Mama alikuwa mwanamke safi, mwenye msimamo, na sheria yake ya kwanza ilikuwa hii: sisi hatuombi. Chumvi ikiisha, tunakula bila chumvi. Alitulea kwa kauli hiyo mpaka nikadhani imo katika Amri Kumi.

Akiru alikaa nasi. Baba yake alikuwa kwenye kikosi cha Baba cha kuchimba visima, daima yuko porini, basi wazee hao wawili wakakubaliana binti asome pamoja nami na alale chumba kimoja na mimi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye meno meupe na maneno machache. Alinizidi mwaka mmoja na akili nyingi, lakini hilo la pili nililijua baadaye.

Likizo moja Righa alirudi kutoka shule ya bweni kule Kitale juu ya lori la mahindi, uso mweupe kwa vumbi, na badala ya kuuliza chakula akauliza kama tunao mkeka mkubwa. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka ng'ambo alikuwa amewafundisha mchezo. Righa alipewa vijitabu vitatu vyembamba na dadu ambazo sijapata kuona mfano wake: moja ina pembe nne kama sambusa, nyingine ina nyuso nyingi hata inakataa kusimama. Ubao wa kuchezea haukuwapo, wala mshindi. Mmoja alisimulia, wengine wakawa wasafiri ndani ya masimulizi hayo.

"Mmesimama mbele ya lango la jiwe jeusi," Righa akasema jioni ile ya kwanza. "Ndani kunatoka upepo wa baridi. Mnafanya nini?"

Nawaambieni, mpaka siku ile hakuna mtu mkubwa aliyewahi kuniuliza ninafanya nini isipokuwa kwa kunigombeza. Mwili mzima ulinisisimka, maana niliusikia ule upepo wa baridi, mimi niliyekuwa na majipu ya joto shingoni. Righa alikuwa amechukua ramani moja chakavu ya Baba, ya kupimia visima, ambayo upande wa kaskazini ilikuwa tupu kabisa, bila mto wala jina. Pale patupu ndipo alipoiweka Nchi ya Jiwe Jeusi. Tuliikandamiza kwa mawe pembe zote nne isichukuliwe na upepo, nami niliitazama karatasi ile kwa heshima niliyozoea kuiweka kwa Biblia ya altare.

Sasa, mchezo huo ulikuwa na sheria ambayo ndiyo hasa ninayotaka kuwasimulia. Msafiri hakuruhusiwa kubeba anachotaka tu. Kila kitu kilikuwa na uzito wake, na ukizidisha, mwendo wako unapungua mpaka unatambaa kama kobe na majitu yanakula wewe kwanza. Kijitabu kilipima uzito kwa sarafu za dhahabu. Righa, aliyejua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushika dhahabu, akabadilisha: tupime kwa debe la maji. Hilo tulilijua kwa shingo zetu. Kila harage moja juu ya mkeka likawa ni debe moja, na mtu hawezi kubeba zaidi ya moja na akakimbia.

Mimi nilitaka vyote. Nilitaka upanga, ngao, hema, kamba ndefu, taa, kioo cha kuonea nyuma ya kona, na sufuria. Maharage yakanijaa. Ndipo Righa akafungua ukurasa wa wafuasi: unaweza kuajiri watu wakubebee, unawalipa mshahara, unawalisha, na wakati wa shida dadu inarushwa kuona kama watabaki au watakukimbia.

"Mkono mtupu haulambwi," Righa alinionya. "Usipowalipa, hawakai."

Nikawalipa vizuri. Nikawa na msafara wa makoma wa kutisha, Kidevu mbele na Mlafi nyuma, kila mmoja na harage lake, nami katikati mkono mtupu kama malkia. Kila asubuhi nikiamka kitu cha kwanza ilikuwa kwenda kuwatazama, na mara nyingine niliogopa kuwagusa.

Akiru alicheza vingine kabisa. Hakuajiri mtu hata mmoja. Kila tulipokutana na mpita njia katika Nchi ya Jiwe Jeusi, awe mchungaji, mchawi au mzee kipofu, alifanya jambo lile lile.

"Mimi nasalimia yeye," alisema. "Ejok. Nauliza mbuzi yake iko mzima."

"Ni mchawi," Righa akasema. "Hana mbuzi."

"Watoto wake iko mzima?"

Righa akashusha pumzi. "Wazima."

"Basi naomba yeye tumbako."

Na mchawi akimwomba Akiru kitu, yeye hutoa. Alitoa ngao. Alitoa kamba. Siku moja bikizee wa kwenye pango aliomba upanga, Akiru akampa upanga, tukiwa bado hatujafika hata nusu ya safari. Hata harage moja halikumbakia. Mimi nilimcheka mpaka nikapaliwa. Righa hakucheka, kwa kuwa ilimharibia mipango yake.

"Hao si wafuasi wako," alimwambia. "Hukuwalipa."

"Wewe nalipa mtu, yeye nachukua, nakwenda kwake," Akiru akajibu. "Hapana jua wewe tena."

Tulipofika jangwa la mwisho, kabla ya mji uliopotea tuliokuwa tukiutafuta, kisima tulichokitegemea kilikuwa kimekauka. Righa alirusha dadu kwa ajili ya watu wangu. Ikaja vibaya. Wakaondoka alfajiri, Kidevu mbele na Mlafi nyuma, na hema langu na taa yangu na maji yote. Nililia machozi ya kweli kwa ajili ya makoma. Kisha Righa akamgeukia Akiru, asiye na maji wala mtu.

"Unafanya nini?"

"Nakaa chini. Nangoja."

"Unamngoja nani?"

"Ile watu yangu. Yule mama ya pango. Yule ya tumbako. Wote."

Righa alipekua kijitabu kutoka mbele kwenda nyuma, kisha nyuma kwenda mbele. Hakukuwa na sheria ya namna hiyo. Kwa haki aliyoijua yeye, akatangaza kwamba tumekufa kwa kiu sote wawili. Akiru hakununa. Alimtazama tu kwa huruma, kama anavyotazamwa mgeni aliyekaa upande wa jua.

"Mimi hapana kufa," alisema. "Wewe tu hujui mwisho yake."

Haukupita muda Baba akahamishiwa Kakuma, yeye na kikosi chake chote, na sisi tukatakiwa kumfuata. Idara ikatuletea lori. Lilikuwa tayari limepakia mabomba ya kuchimbia, na juu ya mabomba Mama akapanga maisha yetu yote: kabati, vitanda, makochi, cherehani, magunia, kuku kwenye tenga. Righa alilizunguka lori mara kadhaa akilikodolea macho, nami nilijua anahesabu maharage.

"Limezidi," alimwambia dereva.

Dereva wetu, Bwana Wafula, alicheka. "Kijana, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Panda twende."

Tulipanda. Mama alikaa mbele na mdogo wetu Mwakio, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kukaa bila kushikwa. Sisi watatu tulikuwa juu, kati ya makochi na mbingu. Nchi ile ukiwa juu yake hivyo inakunyamazisha. Tambarare inakwenda, inakwenda, mpaka milima inaonekana imekatwa chini na kuning'inizwa hewani kwa joto, na wewe unajiona mdogo mpaka unataka kuomba radhi kwa kupita. Nilimshika Akiru mkono bila sababu.

Mchana wa jua kali tuliingia kwenye laga, yaani mto wa mchanga ambao hupata maji siku mvua inapokumbuka. Magurudumu yakazama. Bwana Wafula akalazimisha, injini ikanguruma, kisha chini yetu kitu kikalia kama bunduki. Ekseli ilikuwa imekatika. Lori likainama upande mmoja, kabati likateleza, na debe letu kubwa la maji likapinduka likamwagika lote mchangani. Mchanga uliyanywa kabla hatujafika. Maji mengine dereva alikuwa ameshayatia kwenye rejeta, nayo yalichemka yakatoka mvuke.

Alisema huenda gari jingine lingepita kesho. Au wiki ijayo. Alisema hivyo bila kumtazama Mama usoni.

Tulikaa katika kivuli cha lori, na kivuli chenyewe kilikuwa cha moto. Mwakio alilia sana. Mama alimnyonyesha, lakini tangu alfajiri yeye mwenyewe alikuwa hajanywa kitu cha maana, na maziwa yakawa hayaji. Kisha Mwakio akaacha kulia. Mimi nilidhani amelala na nikafurahi, mpaka nilipomwona Mama akimpigapiga mashavu, akimwita kwa jina, na shingo ya mtoto inaangukia huku na huku. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Mama hakupiga kelele. Hofu niliyoiona machoni mwake siku ile sijaisahau mpaka leo.

Akiru alikuwa akizunguka laga akiinamia mchanga. Alirudi na kinyesi cha mbuzi kiganjani, akakibonyeza kwa kidole, kikabonyea.

"Kuna watu," akasema, akaanza kwenda, nami nikamfuata.

Nyuma ya kona ya laga tuliwakuta. Walikuwa wanawake wengi kuzunguka shimo walilochimba mchangani, refu kuliko mtu, mmoja yuko chini kabisa na wengine wamejipanga kwenda juu, wanapokezana bakuli la mti lililojaa maji huku wakiimba. Pembeni walisimama punda wao. Nilikuwa nimeshaona punda, lakini sikuwahi kuona boma zima likiwa safarini: fito za nyumba, ngozi za kulalia, vibuyu, vitoto vya mbuzi, na ndani ya kikapu kimoja cha fito, juu ya punda, mtoto mchanga amelala fofofo. Nyumba yao yote ilikuwa pale, imesimama kwa miguu ya punda, wala hakuna mnyama aliyeinama. Nilisahau kwa dakika nzima kwamba nina kiu.

Nilitaka kukimbia niseme maji, maji. Akiru akanizuia. Akasimama mbali kidogo, akangoja mpaka wamwone, kisha wakaanza kusalimiana. Ejok. Ejok-noi. Nilijua maneno machache tu, lakini nilisikia mbuzi wakiulizwa hali, na mvua, na wazee, na moyo wangu ukawa unapasuka kwa uchungu wa kuchelewa. Mwisho Akiru akataja jina la fahali wa babu yake, kwa kuwa kwao mzee hujulikana kwa dume analolipenda. Mwanamke mmoja mwenye shanga mpaka kidevuni akaliachia bakuli. Jina lake lilikuwa Nawoi. Babu yake Akiru aliwahi kumwomba mume wa Nawoi ngamia jike, akapewa. Naye mume alikuwa ameomba ng'ombe kwa babu, akapewa. Walikuwa wakiombana hivyo tangu Akiru hajazaliwa. Hayo niliyaelewa kwa Akiru baadaye. Pale niliona tu kwamba Nawoi ameshachukua vibuyu viwili, cha maji na cha maziwa, na anatembea haraka kuliko sisi.

Alipofika kwenye lori hakumsemesha Mama. Alimchukua Mwakio mikononi mwake, akalowesha ncha ya kitambaa kwa maji, akamdondoshea mdomoni, tone, tone, akamlowesha na kichwa. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Tulikuwa tumemzunguka. Mdogo wetu akaanza kunyonya kitambaa. Akakinyonya kwa nguvu. Akafungua macho, akaona uso asioujua wenye shanga nyingi, akaangua kilio. Sijapata kusikia sauti tamu kama ile maishani mwangu, na Bwana Wafula alikwenda nyuma ya lori akakaa huko kitambo.

Mama akafungua fundo la leso yake, akatoa hela zote alizokuwa nazo, akamnyooshea Nawoi kwa mikono miwili. Akiru akamshika Mama mkono, jambo ambalo hakuwahi kuthubutu kulifanya.

"Mama, hapana lipa. Ukilipa, imekwisha. Ngoja aombe."

Na Nawoi akaomba. Aliomba sukari, akapewa. Aliomba leso ya Mama, ile ile ya fundo. Kisha akaonyesha kwa kidole sufuria kubwa aliyopewa Mama na mama yake siku ya harusi. Mama akaitazama. Nilijua anavyowaza, maana ndivyo tulivyolelewa: huyu ametuokoa, na sasa anatunyang'anya. Lakini akaishusha mwenyewe kutoka juu ya lori. Nawoi akacheka kwa furaha, akampiga Mama kiganja kwa kiganja, akasema neno refu.

"Anasema sasa wewe pia omba," Akiru akatafsiri.

"Niombe nini mimi?"

"Kitu yote unataka."

Mama yangu, ambaye alikula ugali bila chumvi miaka yote kwa sababu jirani haombwi, alisimama katikati ya ule mchanga akivitazama vibuyu.

"Maziwa," akasema kwa sauti ndogo. "Ya kesho."

Nawoi akageuka, akawapigia wenzake kelele, na wale wanawake wakaanza kushusha mizigo ya punda. Walipiga kambi pale pale kando ya lori letu. Hawakuondoka mpaka Baba alipotokea na gari la idara kuja kututafuta, na siku zote hizo tulikunywa maziwa.

Righa hakusema kitu juu ya mchezo wake mpaka tulipofika Kakuma. Siku moja alikaa na Akiru kwenye ngazi, akamwuliza kwa unyenyekevu ambao mimi, dada yake, sikuwahi kuupata kwake: mtu akiwa anataka wafuasi wa namna hiyo, anaanza vipi? Akiru akamjibu kwamba aanze kwa kumpa yeye zile dadu. Alizitoa, ingawa uso wake ulikuwa wa msiba.

Nawoi naye alikuwa akishuka mjini kutoka pande za Lopur kila alipopata nafasi. Alikuwa anaingia bila kubisha, anakaa sakafuni, anaomba chumvi, anaomba gauni, anaomba kuku. Mimi nilikuwa nakereka. Nilimwona kama mtu asiyeshiba. Mama alitoa, naye siku hizi aliomba pia, tena bila haya, na nilipokuwa msichana mkubwa nilimwona akirudi kutoka Lopur na mbuzi wa kuomba, amemkokota mwenyewe kwa kamba, anacheka peke yake njia nzima. Nilifurahi kumwona hivyo, lakini sikuelewa. Nilifikiri ni mila tu, na mila za watu ni za kuheshimu.

Mama alifariki uzeeni, nyumbani kwetu Taita. Tulimzika, watu wakaja kwa mamia, wakanipa pole, wakala, wakaondoka. Sanduku lake la nguo lilibaki chumbani, nami sikuweza kulifungua. Kila nilipogusa kifuniko, niligeuka nikatoka. Shangazi zangu walinisihi niliache, muda utaponya.

Kisha Akiru akaja. Alikuwa amesafiri kwa mabasi kutoka Kakuma, nywele zina mvi, miguu imevimba. Alinikumbatia, tukalia mpaka tukachoka. Halafu akajifuta uso kwa mkono, akatazama huku na huku ndani ya nyumba ile, akasema mbele ya shangazi zangu wote:

"Mghoi, nipe kitu ya mama."

Shangazi mmoja akaguna kwa aibu. Mimi nilisimama pale, mama mtu mzima mwenye wajukuu, na ndipo nilipoelewa kile ambacho Nawoi alikuwa akikifanya sakafuni kwetu miaka yote ile. Wengine wote walikuwa wamenipa pole, na ninawashukuru. Huyu alikuja kuchukua upande mmoja wa mzigo, kusudi nisiubebe peke yangu, na kusudi nijue kwamba mimi na yeye bado hatujamalizana. Nikaenda chumbani nikafungua sanduku. Lilifunguka kirahisi tu. Nikampa gauni la kijani ambalo Mama alikuwa analivaa kanisani.

Akiru akalinusa, akalikunja vizuri, akalitia kwenye mkoba wake.

"Na viatu," akasema.

Nikampa na viatu.